Ndoa Haipimwi kwa Hati ya Mshahara



Tafakari hii inahusu jambo ambalo katika jumuiya zetu za Lokandu na Kindu huzungumzwa kwa kunong'ona. Mume na mke wamefunga ndoa mbele ya padri na mashahidi, wakaandikishwa kwa afisa wa serikali, wakabarikiwa na wazazi wa pande zote mbili. Kisha mmoja anaishi ng'ambo, mwenzake anabaki huku. Wanapoomba kuishi pamoja, ofisi ya nchi ya mbali inajibu kwa barua ya kurasa chache: viza imekataliwa, kwa kuwa aliyeko huko hakuonyesha fedha za kutosha, au alizionyesha kwa karatasi zisizo za namna inayotakiwa. Watu wakisikia hivyo huinamisha vichwa, kana kwamba umaskini ni dhambi iliyogunduliwa.

Msimamo wetu tunautanguliza, ili msomaji asihangaike kuutafuta. Kuizuia familia isiishi pamoja kwa sababu ya uchache wa mshahara ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imeandikwa katika sheria. Aliyedhulumiwa hivyo ana haki ya kukata rufaa, na mara nyingi ni wajibu wake. Tena rufaa hiyo haina budi kusimama juu ya ukweli mtupu, wala si juu ya karatasi za kughushi. Mambo haya matatu hayatenganishwi. Anayeshika la kwanza na kuliacha la tatu amekwisha kushindwa kabla ya kusikilizwa.

Ukuta wa tarakimu

Kwanza tuufahamu ukuta wenyewe, maana wengi huulalamikia bila kujua ulivyojengwa.

Tangu tarehe 9 Julai 2012, Uingereza ilimtaka mkaazi wake anayetaka kumleta mwenzi wake athibitishe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya. Asiye na kipato hicho aweza kuonyesha akiba. Lakini anayetegemea akiba peke yake hudaiwa pauni 88,500, nazo ziwe zimekaa mikononi mwake kwa miezi 6. Wala haitoshi kuwa na fedha. Aliyeajiriwa sharti alete hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi ileile zikionyesha mshahara huo ukiingia, na barua ya mwajiri. Hati moja ikikosekana, au hesabu ya karatasi moja isipolingana na ya nyingine, ombi laweza kuanguka hata kama fedha zipo.

Ubelgiji, ambayo kwetu Wakongo si nchi ngeni, ilitunga sheria ya tarehe 8 Julai 2011 iliyodai kipato cha kudumu, cha kawaida na cha kutosha, kwa kipimo cha asilimia 120 ya posho ambayo serikali humpa mtu asiye na kitu. Posho yenyewe haihesabiwi kuwa kipato. Mwaka 2025 nchi hiyo ilikikaza kipimo tena.

Marekani, ambako wakimbizi wengi kutoka mashariki ya nchi yetu wamepelekwa kuanza maisha mapya, humdai mdhamini kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yake kila mwaka. Lakini huko sheria inakubali mdhamini wa pili: ndugu au rafiki aishiye nchini humo aweza kutia sahihi pamoja na mwenye familia. Tena aliyepokewa kama mkimbizi aweza, ndani ya miaka 2, kuomba mwenzi aliyefunga naye ndoa kabla ya kupokewa amfuate, bila kudaiwa hati hiyo ya udhamini. Tunayataja haya kwa makusudi. Yanaonyesha kwamba ukuta haukushuka kutoka mbinguni. Ni kazi ya mikono ya watu, na kila nchi imeacha mlango mahali ilipotaka.

Kipimo hiki kina kosa gani?

Kosa la kwanza ni kwamba kinampima mtu kwa mshahara wake, hali yeye hakujipangia mshahara huo. Ndugu zetu wengi walioko ng'ambo hufagia hospitali usiku, huwaogesha wazee wasiojiweza, hupanga mizigo katika maghala. Kazi hizo ni za lazima, na wenyeji wengi hawazitaki. Nchi inapokea mikono ya mtu ili imlelee wazazi wake, kisha inamwambia kwamba malipo iliyompa yenyewe hayamtoshi kuishi na mke wake. Hapo hakimu na mdaiwa wamekaa katika kiti kimoja.

Kosa la pili ni kwamba kipimo hiki hakijui undugu. Kwetu hakuna anayejenga nyumba peke yake, wala anayezika peke yake. Mjomba hutoa, shangazi hutoa, jumuiya hutoa. Lakini katika kanuni za Uingereza za mwaka 2012, ahadi ya ndugu kuwasaidia wanandoa haikuhesabiwa kuwa kitu katika kipimo cha kipato, wala kazi ambayo mwenzi anayeingia angetarajia kuipata haikuhesabiwa. Familia ilitazamwa kana kwamba ni kisiwa.

Kosa la tatu ni kwamba utengano wenyewe hula fedha. Anayeishi peke yake Ulaya analipa pango huko na kutuma posho huku; analipa ndege akija kumwona mwenzake, na kila ombi la viza lina ada yake. Sheria inayosema kwamba wanandoa hawana fedha inawalazimisha kuendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja.

Mfano uliothibitishwa mahakamani unatusaidia kuona jambo hili waziwazi. Bibi Rhimou Chakroun wa Moroko alifunga ndoa mwaka 1972 na mtu aliyekuwa akiishi Uholanzi tangu mwaka 1970. Mwaka 2006, baada ya miaka 34 ya ndoa, aliomba kwenda kuishi na mumewe. Alikataliwa. Mumewe, aliyekuwa amepoteza kazi na kupokea mafao, alikuwa na Euro 1,322.73 kwa mwezi, na kipimo kilikuwa Euro 1,441.44. Tofauti haikufika Euro 119. Miaka 34 ya uaminifu iliwekwa upande mmoja wa mizani, Euro 119 upande mwingine, na ofisi ikaona Euro ni nzito zaidi.

Bibi Chakroun hakunyamaza. Shauri lake lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 4 Machi 2010 ikaamua kwamba nchi yaweza kuweka kiwango cha kipato kama mwongozo, lakini haina ruhusa ya kumkataa kila aliye chini ya kiwango hicho bila kuitazama hali yake mwenyewe. Ikasema pia kwamba kuruhusu familia iungane ndiyo kanuni, na kwa hiyo masharti yanapaswa kufasiriwa kwa namna isiyoiua kanuni hiyo. Maneno hayo yalitoka kwa mahakimu wa Ulaya, wakizihukumu sheria za Ulaya. Yalitoka kwa sababu mke mmoja alikataa kuichukua barua ya afisa kuwa neno la mwisho.

Wanaosema kwamba serikali ina haki

Tunajua tutajibiwa: kila nchi ina haki ya kulinda mipaka na hazina yake, mgeni asije akawa mzigo. Hatulikatai neno hilo lote. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba nchi haina mipaka, wala hatutaki kuwafundisha vijana kudharau sheria. Anayemleta mwenzi anapaswa kujua watakula nini na watalala wapi. Hayo ni busara, na mzazi yeyote wa Lokandu angeuliza vivyo hivyo kabla ya kumtoa binti yake.

Lakini kuuliza kama watu wataweza kuishi ni jambo moja, na kuwawekea tarakimu isiyosikia jibu ni jambo jingine. Mama mjane hapa kwetu hulea watoto watano kwa shamba la mpunga na mafuta ya mawese, na hakuna hati ya mshahara inayoweza kueleza namna anavyofanya. Injili nayo inatukumbusha mjane aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hekalu. Katika vitabu vya mhasibu alikuwa wa mwisho; mbele ya Bwana alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alitoa riziki yake yote. Kipimo kisichoweza kumwona mjane yule kimepungukiwa na macho.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Mwaka 1952 Papa Pio XII aliandika waraka mzima kuhusu familia zilizo uhamishoni, akaiweka mbele yetu Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano na mlinzi wa kila familia inayohamahama. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya wajibu wa familia ya Kikristo, aliomba haki za familia ziandikwe waziwazi. Na tarehe 22 Oktoba 1983 Kiti Kitakatifu kikatoa Hati ya Haki za Familia. Kifungu chake cha 12 kinazitambua familia za wahamiaji kuwa na haki ya kulindwa kama familia nyingine zote, na wafanyakazi waliohama kuwa na haki ya kuona familia zao zikiunganishwa mapema iwezekanavyo. Haki hiyo haikuwekewa kima cha chini cha mshahara.

Na neno la Bwana kwamba alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, tumezoea kulisikia likielekezwa kwa mume mlevi na mke mgomvi. Kwa nini lisielekezwe pia kwa ofisi? Mwenye muhuri naye ni mwanadamu.

Wanaosema tunyamaze na kusali

Kundi la pili liko ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hao husema: Mungu hakupenda, tusali, tuvumilie, tusigombane na wakubwa. Sala tunaikubali kwa moyo wote. Lakini sala inayotumiwa kuficha woga haina heshima mbele ya Mungu.

Bwana wetu, alipotaka kufundisha juu ya kusali bila kukata tamaa, alichagua mfano gani? Hakumchagua mtawa aliyejifungia chumbani. Alimchagua mjane aliyemwendea hakimu dhalimu siku baada ya siku akidai haki yake, mpaka hakimu yule, asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, akampa haki ili apumzike. Mjane yule alikuwa anakata rufaa, naye Bwana akamfanya mwalimu wetu wa sala.

Mtume Paulo naye, alipoona kwamba huko Yerusalemu hatapata hukumu ya haki, alisimama mbele ya liwali Festo akatumia haki aliyokuwa nayo kama raia wa Roma: alitaka shauri lake lipelekwe kwa Kaisari. Hakuona aibu kuijua sheria ya dola na kuitumia. Ikiwa Mtume wa Mataifa alikata rufaa kwa mtawala mpagani, mkristo wa leo asiambiwe kwamba rufaa ni kiburi.

Historia ya nchi yetu pia inafundisha. Lokandu hii, iliyoitwa Riba Riba enzi za wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, inajua maana ya mtu kuwekewa bei. Baadaye, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa amri ya kuwaandikisha Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alipimwa elimu yake na mwenendo wake, na nyumba yake ikakaguliwa kuonekana kama familia yake inaishi na kula kwa desturi za Kizungu. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa kampuni ya madini hapa Maniema, aliomba kuandikishwa akakataliwa. Alikata rufaa, na mwaka 1954 akaipata kadi yake. Mtihani ule ulikuwa wa aibu kwa walioutunga, na kuushinda hakukuufanya uwe wa haki. Lakini kijana yule hakukubali kwamba aliyemkataa mara moja amemaliza kumpima.

Wakongo wa siku zetu wamefanya hivyohivyo. Kanuni za Uingereza za mwaka 2012 zilipofikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mojawapo ya mashauri yaliyounganishwa lilikuwa la wanandoa wenye asili ya Kongo, dhidi ya afisa wa viza wa Nairobi. Vitabu vya sheria vimelihifadhi kwa herufi mbili tu, SS, na jina la nchi yetu katika mabano. Tarehe 22 Februari 2017 mahakama ilitoa hukumu. Haikukifuta kiwango cha kipato. Ilisema kuwapo kwake si kosa la sheria. Lakini ilisema pia kwamba kanuni hazikuzingatia ipasavyo ustawi wa watoto, wala hazikuwapa maafisa nafasi ya kutazama njia nyingine za fedha pale ambapo haki ya familia inaweza kuvunjwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo kanuni zikabadilishwa: sasa, katika hali za pekee, msaada wa kuaminika wa ndugu na kipato kinachotarajiwa vyaweza kutazamwa. Ushindi huo ulikuwa wa nusu. Hata hivyo, mlango wanaopitia wengine leo ulisukumwa na watu waliokwisha kuambiwa hapana.

Wanaouza karatasi

Kundi la tatu ni la hatari kuliko mengine mawili, maana huja na tabasamu. Mama mmoja wa jumuiya yetu, baada ya ombi lake kukataliwa, alijiwa na mtu aliyejiita msaidizi. Alimwambia kwamba kwa dola mia kadhaa angempatia hati za mshahara za mumewe zenye tarakimu nzuri, pamoja na taarifa ya benki yenye muhuri. Aliongeza kwamba wazungu nao hudanganya, na kwamba kumdanganya dhalimu si dhambi. Mama yule alikataa. Wengine walimcheka, wakasema amependa utakatifu kuliko mume wake.

Tunasema mama yule alikuwa na akili kuliko waliomcheka. Kwanza, kwa hesabu ya dunia tu, karatasi za kughushi huua. Uingereza yaweza kumfungia mwombaji wa viza aliyetumia udanganyifu kwa miaka 10. Marekani humhesabu aliyedanganya katika jambo zito kuwa asiyeruhusiwa kuingia maisha yake yote, asipopata msamaha wa pekee. Benki na ofisi za kodi za nchi hizo huulizwa, nazo hujibu. Aliyekuwa na kesi ya kukosa pauni chache sasa ana kesi ya uongo, na hakuna hakimu atakayeitazama ndoa yake kwa huruma.

Lakini sababu kubwa si woga wa kukamatwa. Anayeghushi hati ya mshahara amekubali hoja ya aliyemkataa. Amekiri kwamba ndoa yake ilivyo, pamoja na umaskini wake, haistahili kusimama mbele ya watu, na kwamba lazima ivikwe nguo ya kuazima. Rufaa ya kweli husema kinyume: hiki ndicho kipato chetu, hivi ndivyo tunavyoishi, na hata hivyo sisi ni mume na mke.

Katika jambo hili tunaye mwombezi wa kwetu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mlei, kijana wa Goma, alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa ili asiruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuwadhuru maskini. Kwa sababu hiyo aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, juu ya kaburi la mtume yuleyule aliyekata rufaa kwa Kaisari. Floribert alikufa kwa kukataa kupitisha kitu cha uongo kama cha kweli. Kijana anayejiita mkristo wa Kongo hawezi kuiheshimu picha yake ukutani na kununua muhuri wa bandia sokoni.

Rufaa hukatwa namna gani?

Hasira isiyo na maarifa humchosha mwenyewe tu. Kwa hiyo tunataja mambo machache ambayo kila kundi la vijana laweza kuyajua na kuwafundisha wengine.

La kwanza ni siku. Anayekataliwa na Uingereza akiwa nje ya nchi hiyo ana siku 28 za kukata rufaa tangu kupokea barua. Ubelgiji, rufaa hupelekwa katika baraza la mashauri ya wageni ndani ya siku 30. Kwa mtu wa Brussels siku hizo ni nyingi. Kwa mtu wa Lokandu, anayepaswa kupata anayesoma Kiingereza au Kiholanzi, kushuka au kupanda Lualaba, kupata intaneti Kindu na kutuma karatasi Kinshasa, siku hizo ni kufumba na kufumbua. Barua ikifika, isikae chini ya godoro kwa sababu ya aibu.

La pili ni sababu. Barua isomwe neno kwa neno. Je, imesema kwamba kipato hakitoshi, au kwamba hakikuthibitishwa? Hayo ni mashtaka mawili tofauti. Ikiwa ni hati iliyokosekana, wakati mwingine ombi jipya lililokamilika ni njia fupi kuliko kesi ndefu. Ikiwa kipato ni pungufu kweli, hoja ya rufaa ni haki ya familia: watoto waliopo, ugonjwa, miaka ya ndoa, sababu zinazozuia wanandoa kuishi nchi nyingine.

La tatu ni kwamba rufaa hazifanani. Mahakama ya Uingereza husikiliza hoja ya haki ya maisha ya familia. Baraza la Ubelgiji, katika mashauri ya namna hii, hutazama kama ofisi ilifuata sheria kwa karatasi zilizokuwamo katika faili; ushahidi uliosahauliwa mwanzoni kwa kawaida hauokolewi huko, na anayeshinda hurudishwa kwenye ofisi ileile ili iamue upya. Kwa Marekani, penye upungufu wa hati za udhamini, aliyekataliwa kwa kawaida ana mwaka mmoja wa kuleta zinazokosekana. Kwa hiyo faili lijengwe vizuri tangu siku ya kwanza.

La nne ni karatasi ndogondogo. Stakabadhi za fedha zilizotumwa kwa simu, tiketi za ndege, cheti cha ndoa cha kanisa na cha serikali, barua za wazazi: hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba ndoa inaishi. Wengi kwetu wamefunga ndoa ya desturi wakaiacha bila kuiandikisha, kisha wanahangaika miaka kumi baadaye. Kijana anayeoa leo aandikishe leo.

La tano ni kutokwenda peke yako. Mjane wa Injili alikuwa peke yake. Hakuna sababu wa kwetu awe hivyo. Tume ya Haki na Amani, walimu, wanafunzi wa sheria walio katika parokia, wote waweza kusoma barua pamoja na aliyekataliwa. Na wakili wa kweli ajulikane kwa risiti yake na kwa kukubali kusema kwamba kesi fulani haina nguvu.

Mizani iliyo nyumbani

Hatutamaliza bila kugeukia upande wa pili, maana polemiki inayowahukumu Wazungu peke yao ni rahisi mno. Sheria ya familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 inaitambua mahari kuwa sharti la ndoa, nayo ni desturi njema ya kuunganisha koo mbili. Lakini ziko familia zinazomwandikia kijana orodha ndefu kama ya duka: dola kadhaa, mbuzi, suti za wajomba, simu za kaka. Mwana wa mchimba madini ya Kailo au wa mwendesha baiskeli za mizigo aisomapo, anarudi kimya kama yule aliyepokea barua ya ubalozi. Wengine huishi bila ndoa miaka mingi, wakikosa sakramenti, kwa sababu fedha hazijatimia.

Mjomba anayeandika orodha hiyo ana uso gani wa kuilaumu ofisi ya London? Wote wawili wamesema neno moja: lipa kwanza, ndipo tutaamini kwamba unampenda. Vijana wanaotaka kuutikisa ukuta wa ng'ambo wanapaswa kuukataa pia ule uliojengwa kwa udongo wa hapa, kwa heshima kwa wazee, lakini bila kuyumba.

Mamlaka ya nchi itaendelea kuhesabu, na pengine tarakimu zitapanda tena. Wajibu wetu haubadiliki. Tuiseme dhuluma kwa jina lake, tuijue sheria, tukate rufaa mapema, tuseme kweli, na tusimuache aliyekataliwa asome barua yake gizani. Mwenyeheri Floribert atuombee.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayeishi mbali na mwenzi wake, na ni lini mara ya mwisho tulimtembelea?

2. Soma Luka 18:1-8. Mjane alikuwa na nini mkononi alipomwendea hakimu? Sisi tunacho nini ambacho yeye hakuwa nacho?

3. Kijana mwenzetu akipewa karatasi ya bandia itakayomfikisha kwa mke wake baada ya miezi miwili, tumwambie nini, na tumpe msaada gani ili neno letu lisiwe maneno matupu?

4. Kundi letu laweza kufanya nini mwaka huu ili mahari isiwe kizuizi cha sakramenti ya ndoa?